Zipu haina mtazamo

Begi langu jipya lilikaa wiki tatu tu. Ya nne, zipu ikaachama. Nilipomwandikia aliyeniuzia, alinijibu kwa mstari mmoja: ubora ni mtazamo wa mtu, wateja wengine wanalipenda sana.

Kilichoniudhi zaidi ni hilo jibu, wala si begi. Maana nusu yake ni kweli. Hata mimi nalipenda. Napenda rangi yake, mifuko yake, linavyokaa mgongoni. Nalipenda, na ni bovu.

Kupenda ni kwangu mwenyewe, sidaiwi ushahidi. Lakini zipu kufunga au kutofunga hakuna uhusiano na moyo wa mtu. Meno yanashikana au hayashikani. Mshono unahimili kilo 10 au unafumuka. Ipe mashine ifungue na kufunga zipu hiyo mara 1,000, mashine isiyojua hata jina la mtengenezaji, kisha tuhesabu imekwama mara ngapi. Majibu hayatabadilika eti kwa sababu mpimaji anaipenda rangi ya bluu.

Hata hivyo, wale wanaodhani ubora ni namba tupu nao nina ugomvi nao. Chukua balbu ya kizamani, ile yenye waya mwembamba unaowaka ndani ya kioo. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu waliunda umoja wao Geneva, wakauita Phoebus, wakapatana kwamba balbu zao zidumu saa 1,000. Aliyetengeneza za kudumu zaidi alipigwa faini. Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa uroho wa wafanyabiashara, na sina haja ya kuwatetea. Anayemtoza mwenzake faini kwa kutengeneza kitu cha kudumu anajulikana anatafuta nini.

Ila kuna jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka. Waya ule ukipata moto mkali hutoa mwanga mwingi na mweupe kwa umeme ule ule, lakini hukatika mapema. Ukipata moto kidogo hudumu sana, ila mwanga wake ni hafifu, wa manjano, na umeme mwingi unaishia kuwa joto. Kule Livermore, California, kuna balbu katika kituo cha zimamoto iliyowashwa mwaka 1901 na imeendelea kuwaka kwa zaidi ya karne. Watu huisafiria kwenda kuitazama. Lakini siku hizi inatumia kama wati 4 tu, na mwanga wake ni wa kukuonyesha mlango ulipo usiku. Jaribu kusomea kitabu chini yake uone.

Sasa balbu bora ni ipi? Saa za kuwaka zinapimika. Mwanga unapimika. Umeme unaoliwa unapimika. Kisichopimika maabara ni kipi kati ya hivyo kina uzito zaidi kwako, na hapo ndipo mtu anapoingia na haki yake yote. Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 9000 kinaueleza ubora kwa kuuliza sifa za kitu zinatimiza mahitaji kwa kadiri gani. Mahitaji hayo hayaoti ndani ya bidhaa. Kuna mtu ameyataja. Lakini yakishatajwa, mjadala umefungwa. Begi langu lilitangazwa kuwa la kubebea kompyuta kila siku. Hayo ni maneno ya muuzaji mwenyewe, na kwa maneno hayo hayo begi limeshindwa.

Ndiyo maana naliona jibu lile kuwa la hatari, si la kipuuzi tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti ingekuwa hivyo siku zote. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alionyesha kinyume chake kwa mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji anajua gari lake lina maradhi gani, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, anatoa bei ya kati kwa kati. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, analirudisha nyumbani. Mwenye bovu anashukuru na kuuza. Kizuri hakikujiuza, kilifukuzwa sokoni. Na njia nyepesi ya kumweka mnunuzi gizani ni kumshawishi kwamba hakuna cha kujua, kwamba yote ni ladha tu. Fundi aliyetumia uzi imara na zipu nzito halipwi chochote cha ziada katika soko la namna hiyo.

Begi nililipeleka kwa fundi, akaliwekea zipu ya chuma. Inafunga vizuri mpaka leo. Dada yangu anasema imeliharibu sura, haiendani kabisa na ile bluu. Sawa, huo sasa ni mtazamo.