Jeshi kwanza halafu polisi? Huku kwetu hesabu haiji

Juzi baada ya alasiri nimekaa barazani na kahawa yangu, mara mtoto wa kakangu anakuja na simu mkononi, "Ami hebu sikiza huyu." Nikasikiza. Mmarekani mmoja kifua hivi, nywele zimenyolewa mpaka ngozi, anawaambia vijana wa kwao ati ukitaka kuja kuwa polisi basi ingia jeshi kwanza, na ukiingia chagua kazi ya MP, yaani polisi wa jeshi (huku kwetu MP ni mbunge na polisi ndio wanaomlinda, lakini hayo tuyaache). Miaka minne ushamaliza, bunduki ushaijua, amri ushazizoea, idara yoyote ya polisi ukibisha hodi unafunguliwa. Kijana ashashiba yale maneno. Ana miaka 24. Mpango wake aandikwe jeshi mwaka huu, atumike kidogo, atoke, aingie polisi, mwisho wake DCI, yaani wapelelezi wa jinai. Ameupanga kama mtu anayepanga safari ya Mombasa, boti mpaka Mokowe halafu basi, kwisha.

Mimi ni karani wa wakili, miaka kumi na moja sasa nabeba mafaili kwenda na kurudi mahakamani, polisi nawaona wakitoa ushahidi karibu kila wiki, na wanajeshi ndio usiseme, Lamu hii kuanzia Manda Bay mpaka msitu wa Boni tunaishi nao. Kwa hivyo hili nikaona silinyamazii.

Kwanza, yule Mmarekani hakusema uongo. Kwao inaingia akilini. Idara nyingi za polisi kule hazimchukui mtu mpaka afike 21 na shule amemaliza na 18, sasa hiyo miaka mitatu katikati akae tu kwa mamake? Jeshi linamchukua, linamlisha, tena anasaini mkataba akijua kabisa kazi anayokwenda kufanya, akitaka MP anaandikiwa MP anapelekwa Fort Leonard Wood huko Missouri kufunzwa, na akitoka salama akiomba kazi za serikali kuu anaweza kuongezewa alama tano au kumi juu ya wenzake, na chuo analipiwa. Hata FBI, ambao wanataka uwe umeingia kabla ya kufika 37, mwanajeshi wa zamani wanaweza kumlegezea. Njia imechongwa. Na pamoja na yote hayo wengi wao wakifika polisi wanarudishwa akademi kuanza moja kama mtu mwingine, maana MP wengi miaka yao imeishia getini kuangalia vitambulisho.

Sasa ilete hiyo hesabu Kenya. Polisi wanachukua kuanzia 18 mpaka 28, kwa hivyo lile pengo la Wamarekani kwetu halipo, ukimaliza fomu foo na D+ yako unaweza kwenda chuo cha polisi Kiganjo moja kwa moja. Kurutu wa kawaida wa KDF, yaani jeshi letu, ni 18 mpaka 26. Nikamwambia haya, una 24, tuseme Mungu amejalia umeandikwa, umepelekwa Eldoret, umemaliza mafunzo, umepelekwa kambi, umetumika hiyo miaka yako minne, una mingapi? Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika kidole cha nne akanyamaza.

Na hiyo ya kuchagua kazi pia hakuna. Ukiandikwa kurutu wa kawaida wao ndio wanaokupanga, hujui kama ni nchi kavu, angani au baharini. Wanaoingia na kazi yao mkononi ni wale wa fani, umekwenda na cheti chako cha ufundi, umeme, bomba, uuguzi.

Lakini tuseme umri si tatizo. Bado mi nasema kazi zenyewe ni mbili, gwanda tu ndilo linalotudanganya. Katiba yenyewe imewatenganisha, jeshi kifungu cha 241 polisi kifungu cha 243, na jeshi likitakiwa litulize fujo ndani ya nchi ni mpaka Bunge likubali. Mwanajeshi anafunzwa adui. Polisi hana adui, ana mshukiwa, ambaye anaweza kuwa hana makosa, na ambaye kwa kawaida ndani ya saa 24 anatakiwa awe mbele ya hakimu, na mbele ya hakimu misuli haisaidii kitu.

Nakupa mfano mmoja wala kituo sikitaji. Mvuvi kaibiwa injini ya boti, nguvu ya farasi kumi na tano, mali ya miaka ya kuweka akiba. Afisa aliyemkamata mwizi ni mwanamume kwelikweli, alimkimbiza usiku kwenye vichochoro ambavyo hata punda huwa vinamtatiza, akaruka ukuta, akamshika injini iko begani. Mtaa mzima ulimsifu. Siku ya kesi wakili wa yule jamaa akamuuliza jambo moja tu, nambari ya injini ni ipi. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika nambari ya modeli, ile ambayo injini zote za aina hiyo zinayo. Nambari yenyewe ile ya kipekee, iliyoko kwenye kibati pale kwenye mabano ya kufungia, hakuiandika, picha hakupiga, na kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, palikuwa na maneno "injini ya boti moja" basi. Akaulizwa sasa wewe afande unajuaje hii ni ya huyu na si ya mwingine. Kimya. Yule mvuvi alikuwa amekaa benchi la nyuma na risiti yake imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, anainyanyua juu ili aonekane, askari wa korti anamwambia ashushe mkono. Mshtakiwa akaachiliwa chini ya kifungu cha 210 cha sheria ya mwenendo wa jinai, hana kesi ya kujibu. Mbio zote zile.

Hapo ndipo ninapobishana na hawa wanaosema jeshi linamtengeneza polisi. Linamtengeneza pale kwenye ukuta, sikatai. Kwenye ile karatasi halimtengenezi, na kesi inakufa kwenye karatasi. Mtu anayetaka DCI na ana miaka miwili ya kungoja, mi ningemwambia akasome diploma ya uchunguzi wa uhalifu au hata uhasibu, au akae kwa wakili kama mimi aone vile mashahidi wanavyokatwakatwa, kuliko kwenda kubeba begi Eldoret.

Halafu kuna kuongea. Sisi wa huku tunajua, tangu 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, kafyu, wavuvi wakakatazwa kuvua usiku, maisha yetu yote yakawa ni kuongea na mtu mwenye bunduki. Na tulijua haraka sana nani ni nani. Kuna askari ukimsalimia anakuuliza unatoka wapi unakwenda wapi macho yake yanaangalia juu ya kichwa chako, na kuna mwingine anakuuliza hayo hayo lakini kwanza amekuuliza bahari ikoje leo, na huyu wa pili ndiye aliyekuwa akiambiwa mambo. Sisemi wa kwanza ni mtu mbaya, amefunzwa hivyo na Boni si mahali pa kucheka. Lakini ukimvua kombati ukamvisha bluu ukamweka dawati la ripoti, mama aliyepigwa na mumewe atageuka mlangoni arudi nyumbani.

Na kama roho yako inataka kambi, kwata na bunduki lakini jina liwe polisi, si kuna GSU, kile kikosi cha kutuliza ghasia? Iko ndani ya polisi, huhitaji kuzungukia jeshini.

Jeshi mtu aende kwa sababu anataka uanajeshi, na aende na fani. Hapa mtaani kuna mzee alikuwa nevi, kambi ya Mtongwe, alikuwa fundi wa mitambo. Alipostaafu hakuomba polisi wala ulinzi wa hoteli, alifungua banda karibu na maji, na sasa ukimletea injini inayokohoa anachomoa plagi, anaigeuzageuza kwenye mwanga, anainusa, anakwambia petroli yako umeuziwa na maji. Hajafungua hata kitu. Hicho ndicho jeshi lilimwachia, na hakuna mtu wa kumwambia umri umepita.

(Na tafadhali, pesa asipewe mtu. Kuandikwa ni bure. Namjua kijana babake aliuza mashua, mtoto akaenda Eldoret na sanduku la bati na barua ya kuitwa, barua feki, akarudishwa getini. Mashua haikurudi.)

Basi nimeongea yote hayo nimejiona nimemaliza, yule kijana ananiangalia tu. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Ami, polisi wanaume wanataka futi tano inchi nane. Jeshi futi tano inchi tatu."

Kumbe! Saa nzima nazungumza umri na katiba, mwenzangu shida yake ni inchi. Nikaingia ndani nikatoa futikamba ya fundi, nikamsimamisha kwenye mlango, visigino ukutani, kofia vua. Futi tano na inchi sita, na hiyo sita nimeisogeza kidogo kwa huruma.

Alikuwa amejiambia akishakuwa mwanajeshi wa zamani, polisi hawatampima. Nikamwambia mwanangu, jeshi linaweza kukupa vingi lakini kimo halikuongezi, utatoka na inchi zile zile na miaka zaidi. Akacheka, lakini si kicheko cha raha. Akajifuta chaki ya ukutani kwenye mabega.

Tukakaa tena, nikamjazia kahawa. Mzee wa nevi alikuwa anapita na kopo la petroli, yule kijana akamfuata kwa macho mpaka akakata kona ya msikiti. Halafu akaniuliza, "Na hawa Coast Guard waliokuja 2018, nasikia nao walichota watu nevi. Wao wanapima?"

Nikamwambia kesho tukaulize.