Mkwawa alikataa kutekwa. Na Mpangile je?

Simulizi la Mkwawa tunalijua wote tuliosoma Iringa, na sehemu tunayoipenda ni ya mwisho: Mlambalasi, 19 Julai 1898, Mtwa, yaani mtawala wa Wahehe, anajipiga risasi ili Wajerumani wasimtie mkononi. Ndugu yake Mpangile hatajwi sana. Akitajwa, neno linalofuata ni msaliti.

Mpangile alijisalimisha. Desemba 1896 Wajerumani wakamsimika awe mtawala wa Wahehe, na Februari 1897 wakamnyonga, wakidai anamsaidia Mkwawa kwa siri.

Wanaosema Mkwawa alifanya sawa wana hoja nzito. Wajerumani walikuwa na kisasi cha Lugalo, ambako 17 Agosti 1891 Wahehe waliangamiza kikosi cha kamanda wao Zelewski na kumuua yeye mwenyewe. Kichwa cha Mkwawa kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Haki za mateka wa vita angezidai wapi? Mkataba wa The Hague wa sheria za vita ulitiwa saini Julai 1899, yeye ameshakufa mwaka mzima, na hata huo ulikuwa wa mataifa yaliyosaini, wao kwa wao. Hata maiti yake haikuachwa: ilikatwa kichwa, na fuvu likarudi Kalenga, iliyokuwa ngome yake, mwaka 1954. Kitanzi cha Mpangile kilikuwa kimeshamwonyesha yanayomngoja.

Hapo nakubaliana nao. Ninapowaacha ni pale wanaporuka kutoka "Mkwawa alikuwa shujaa" hadi "aliyejisalimisha ni mwoga". Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na baada ya hapo ni miaka ya kukimbizana porini. Wananchi waliomlisha na kumficha Mtwa ndio walioadhibiwa. Vyakula vilichukuliwa, njaa ikaingia. Katika hali hiyo mtu anaweza kuinua mikono kwa sababu amehesabu watoto waliobaki.

Halafu tazama shitaka lenyewe. Kama ni kweli Mpangile alimsaidia kaka yake kwa siri, basi vita alikuwa hajaiacha, aliipigana akiwa ndani ya boma la adui. Kama ni uongo, alinyongwa bila kosa na watu aliowaamini. Sasa usaliti unaingilia wapi?

Kuna na ule utani wa watani zetu, kwamba Mhehe ukimuudhi kidogo anatafuta kamba ajinyonge. Tunaucheka, lakini umelelewa na sifa hizihizi za kufa kuliko kushindwa. Mimi siucheki tena.

Leo Mikataba ya Geneva ya 1949 inataka mateka akifa azikwe kwa heshima, kaburi lake liwekewe alama, na akiuawa na mlinzi ufanywe uchunguzi. Zelewski ana mnara wake Lugalo. Fuvu la Mkwawa liko Kalenga ndani ya kioo, na wanafunzi hupanga foleni kulitazama. Siku nyingine ukiwa kwenye foleni hiyo, muulize anayewatembeza habari za Mpangile, usikie atatumia neno gani.