Keki ya Antoinette

"Hawana mkate? Basi si wale keki!" Muulize aliyesoma Mapinduzi ya Ufaransa nani alitamka hayo, atakujibu papo hapo: Marie Antoinette, mke wa mfalme Louis XVI.

Kwanza, haikuwa keki. Neno la Kifaransa ni brioche, mkate wa hamira uliokandwa kwa mayai na siagi nyingi. Usiuchanganye na mkate wa mayai wa kwetu pwani, ambao kweli ni keki.

Pili, tarehe zinakataa. Kauli hiyo imo katika Confessions, kitabu ambacho mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alisimulia maisha yake, sehemu aliyoiandika miaka ya 1760 akisimulia ujana wake. Anasema ni ya "binti mfalme mkubwa", jina halitaji. Antoinette alizaliwa Vienna mwaka 1755 na akaingia Ufaransa mwaka 1770, bibi harusi wa miaka 14. Tena shemeji yake, Louis XVIII, aliandika kwamba katika ukoo wao maneno ya namna hiyo yalihesabiwa kuwa ya Marie-Thérèse, mke wa Louis XIV, karne moja nyuma.

Wapo wanaosema: hata kama hakutamka, aliyaishi. Hoja hiyo ina uzito. Kibarua wa Paris alikuwa akimaliza nusu ya ujira wake kwa mkate tu, na bei ikipanda anamaliza zaidi. Wakati huo malkia alijengewa kijiji cha kuchezea pale Versailles, kwenye kasri la mfalme, chenye ng'ombe na chumba cha maziwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huyu alikuwa akiigiza umaskini kwa raha zake.

Lakini mwaka 1775, baada ya ghasia za unga, watu walipoandamana kwa bei ya mkate, alimwandikia mama yake kwamba watu wanaoitendea familia ya mfalme wema hivyo licha ya dhiki zao wanastahili kuhangaikiwa zaidi. Barua haishibishi mtu, najua. Ila si maneno ya asiyejua kuna njaa.

Mimi namlaumu kwa kijiji, kwa keki simlaumu. Na "hata kama hakusema, ni kama amesema" inanitisha. Joseph Foulon, ofisa wa serikali ya mfalme, mzee wa miaka 74, alizushiwa kwamba wenye njaa aliwaambia wale majani. Tarehe 22 Julai 1789 umati wa Paris ulimnyonga kwenye nguzo ya taa, ukamkata kichwa, ukakipitisha mitaani kikiwa kimejazwa majani makavu mdomoni.