Halua ya Wete na lebo ya dhahabu

Kila nikitoka Pemba kwenda Unguja, kitu cha kwanza kuingia kwenye mzigo wangu ni halua. Sikukuu moja nilikwenda Wete kwa mzee ambaye kwetu tunanunua kwake tangu mimi mdogo. Sufuria la shaba limeshaepuliwa, vikapu vya ukili vimepangwa ukutani, watu wamejaa barazani. Mzee akachota kidogo, akaivuta kwa vidole viwili, ikakatika. Akainamisha kichwa. "Mwanangu, hii leo haikuvutika. Njoo kesho baada ya alasiri." Nikamwambia boti yangu ni ya asubuhi. "Basi nenda kwa jirani yangu pale, yake leo nzuri." Na wote waliokuwa barazani aliwaambia hivyo hivyo, mkesha wa sikukuu, siku ambayo angeuza hata ukoko.

Nilimkumbuka nilipohudhuria mafunzo ya wajasiriamali mjini, mada ikiwa namna ya kujenga chapa ambayo mteja ataipenda. Mkufunzi alisema bidhaa zetu hazitoki kwa sababu hazina chapa, akatutajia jina, nembo, rangi, kifungashio, picha za mitandaoni. Mfano wake wa biashara isiyokuwa na chapa ulikuwa ni hao hao wapishi wa halua: hawana lebo, hawana hata kibao mlangoni. Watu wakacheka. Mimi niliumia, kwa sababu kama mzee yule hana chapa, sijui nani anayo.

Hoja ya mkufunzi ina uzito, wala siipuuzi. Halua isiyo na jina la mpishi wala tarehe haiingii hotelini wala kwenye duka kubwa, na bila alama ya ubora ya Taasisi ya Viwango Zanzibar mlango mwingi hufungwa. Akivuka bahari mtu yeyote, anaweza kuandika "ya Wete" kwenye kopo la halua iliyopikwa kwengine kabisa, na mzee hana pa kushitaki. Kubwa zaidi, imani aliyoijenga imekaa kwenye uso wake. Siku akiondoka, watoto watarithi sufuria, lakini wateja watatawanyika.

Yote hayo ni kweli. Lakini lebo hulinda kitu ambacho tayari kipo. Kilichopo Wete kimejengwa kwa kukataa kuuza, na hilo halikutajwa hata mara moja katika siku mbili za mafunzo. Mtu aliyewahi kuambiwa "leo usinunue kwangu" hatoki tena kwa muuzaji huyo. Shangazi yangu Unguja akifunua kikapu huuliza kwanza, "Kapika nani?" Nikimtaja mzee, haonji kabla ya kugawa, hukata vipande akawapelekea majirani moja kwa moja. Heshima yake yeye kwa majirani ameikabidhi kwa mtu aliye kisiwa kingine.

Kuna hesabu moja ambayo hainitoki. Mwaka 2023 wageni wa nje walioingia Zanzibar walizidi laki sita. Takwimu hiyo husomwa kwa furaha, na ina haki ya kufurahiwa. Lakini katika laki sita hao, wangapi watarudi kwenye duka lile lile la viungo kusema iliki mliyoniuzia ilikuwa maganda? Mgeni anafungua pakiti yake akiwa kwao, wiki ya tatu, anakuta unga hauna harufu. Atautupa, basi. Hana wa kumgombeza, na muuzaji hatajua. Kesho ndege italeta wengine. Anayejifunza biashara kwa mteja wa aina hii hujifunza kupamba pakiti, kwa sababu pakiti ndiyo inayolipa. Hatuwezi kumlaumu peke yake. Soko limemfundisha hivyo.

Mteja wa Wete ni mwengine. Halua ikiharibu shughuli ya Jumamosi, Jumapili mpishi keshapata habari, na Jumatatu mama wa bibi harusi yuko barazani kwake. Mteja anayeweza kurudi kukugombeza ndiye anayekufundisha kupika, na ndiye huyo huyo atakayekutetea mbele za watu.

Karafuu nayo ina la kutwambia. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyolibeba zao. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya karafuu yote ya dunia ilitoka kwetu, jina la Zanzibar likajulikana hata kwa wasioweza kutuonesha kwenye ramani. Indonesia ikawa mnunuzi mkubwa, kwa sigara zake za kretek zinazochanganywa na karafuu, na ilipopanda mikarafuu yake ya kutosha ikaacha kununua. Tulijulikana sana, lakini aliyenunua kwa shehena hakuwa na mapenzi nasi; alitaka karafuu, popote itokapo.

Hapa ndipo ninapomrudishia mkufunzi haki yake. Mama anayeanika karafuu Pemba hukimbilia jamvi kila wingu likifunga, kwa sababu karafuu mbichi ikilala kwenye lundo huvunda na kupoteza rangi. Uangalifu wake wote unaishia kwenye gunia. Aliye mbali hamjui, hawezi kumshukuru wala kumlaumu. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Zanzibar ya 2008 imefungua njia ya kulinda bidhaa kwa jina la pahala inapotoka, na njia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, maana inaweza kulitoa jina la mama huyo ndani ya gunia.

Kwa hiyo lebo nazitaka. Ninachokataa ni kuanza nazo. Mafunzo yajayo yafanyike Wete, jikoni, na siku ya kwanza mzee aeleze halua ipi haifai kuuzwa na anaijuaje. Siku ya pili aje mchora nembo. Na kwenye kopo iandikwe siku iliyopikwa na jina la mpishi, kisha nambari yake ya simu, kwa herufi kubwa kuliko picha ya mnazi, ili shangazi yangu ajue pa kupiga.