Ukoko wa Gome la Mti: Kisu Kiguse au Kisiguse?

Mpishi wa wali anaujua ukoko: hautoki mpaka uukwangue, maana umegandamana na sufuria. Ndivyo ilivyo kuvumwani ya ukoko, yaani kuvu na mwani walioshikana wakawa utando mmoja kwenye gome. Aina zenye umbo la jani unaweza kuchuma kipande. Hii ya ukoko huipati bila kukata gome lenyewe. Ndipo ubishi unapozuka: ili kuitambua, tuikate kwa kisu au tuitazame tu?

Tuiangalie Pyrenula nitida, ambayo Uingereza ni adimu, na New Forest, msitu wa kusini mwa Uingereza, ni mojawapo ya ngome zake. Hukaa kwenye gome laini la miti mizee ya bichi. Utando wake ni wa hudhurungi-zeituni wenye vidoa vyeupe, na juu yake vimejaa vipele vyeusi kama punje za ufuta. Ukiuparuza kidogo kwa ukucha, chini hutokea rangi ya machungwa: huyo ni mwani wake, Trentepohlia.

Wanaokataa kisu wana hoja. Ndugu yake, Pyrenula nitidella, ana vipele vidogo zaidi, na lenzi ya mara kumi mikononi mwa mzoefu mara nyingi humaliza ubishi. Kwa nini basi ujeruhi utando unaokua polepole, pengine uliobaki kwenye mti mmoja tu?

Lakini vipele vyeusi si vyake peke yake, na kwenye utando uliochakaa vidoa huenda visionekane. Hapo jibu liko ndani ya kipele: spora (chembe za uzazi za kuvu) za kahawia zenye vyumba vinne, nazo huzioni bila hadubini. Picha ya simu haifiki huko. Isitoshe, sampuli ya makumbusho yaweza kupimwa tena miaka mingi baadaye.

Mimi naegemea kisu, ila kwa ubahili. Kama msitu haujawahi kuorodheshwa spishi hiyo, chukua vipele viwili vitatu vya pembeni, kwa ruhusa ya mwenye msitu. Kama imeshathibitishwa pale, kukata tena ni uroho wa kukusanya, hata ukiitwa utafiti. Na kabla ya yote, tazama magogo yaliyoanguka. New Forest mengi huachwa yaoze palepale, na ukoko ulio juu yake utakufa hata usipoguswa.

Tena kisu si adui mkubwa. Mmea utambaao uitwao ivy ukilifunika shina lote, giza la majani yake huua utando mwingi kuliko watafiti wote na visu vyao.