Kuweka vitu D si kuwa na nakala

Juma lililopita nilikuwa kwa fundi mmoja wa kompyuta huku Ngamiani, Tanga, nikisubiri chaja yangu, alipoingia mwalimu wa sekondari akiwa ameikumbatia laptopu yake. Fundi, kijana mwenye adabu, alimwamkia, akaiwasha mashine na kuitegea sikio, na sote tukasikia mgongano ule wa diski inayojaribu kusoma ikashindwa. "Shikamoo yangu ya leo haina habari njema, mwalimu. Diski imekufa." Mwalimu hakutikisika. "Haidhuru, mwanangu. Vitu vyangu vyote niliviweka D, kama ulivyoniagiza."

Kijana alinyamaza, na kimya chake ndicho kilichoniudhi. Hakuna mwenye kompyuta mjini hapa ambaye hajapewa ushauri ule. Fundi akikupigia window, yaani akikuwekea Windows upya, huigawa diski sehemu mbili, C ya Windows na D ya vitu vyako, kisha hukukabidhi mashine kwa sauti ya mtu aliyekukatia bima: "Weka D, utakuwa salama." Salama ya nini? Nakiri, kwa shingo upande, kwamba ushauri huo una faida moja: siku window ikiharibika, fundi ataifuta C na kuipiga upya, na mitihani ya kidato cha nne na picha za harusi zilizomo D zitabaki. Faida hiyo ni ya fundi zaidi kuliko ya mteja, kwani inampunguzia kazi ya kuhamisha mafaili kabla ya kufuta.

Lakini C na D ni mipaka iliyochorwa ndani ya diski ileile moja, yenye mota ileile na vichwa vya kusomea vilevile, hivyo mota ikigoma au kichwa kikikwaruza sahani za ndani zinazotunza data, D haina mahali pa kukimbilia. Ni kuhamisha nguo kutoka chumbani kwenda sebuleni ilhali nyumba nzima inawaka moto. Mwizi akiibeba laptopu amebeba zote mbili, umeme ukirudi kwa kishindo huzipiga zote mbili, na maji ya chai hayaulizi herufi. Kisha watu wenye huruma humshauri aliyefiwa na diski aifungue pale pale mezani, chini ya feni, katika vumbi la barabara, wakati kazi hiyo hufanywa katika chumba kilichochujwa hewa, kwa sababu chembe moja ya vumbi yatosha kuzikwaruza sahani na kuimaliza data iliyobaki.

Nakala maana yake ni faili lilelile kuwapo katika kifaa kingine. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa mwalimu wetu hiyo ingekuwa laptopu, diski ya nje, na akaunti ya mtandaoni au flashi inayokaa kwa dada yake Muheza. Diski ya nje ichomolewe baada ya kunakili, maana WannaCry, programu ya kudai fidia iliyosambaa Mei 2017, ilifunga hata mafaili ya diski zilizoachwa zimechomekwa. Mtandao pekee nao hautoshi: nyaya za baharini zilipopata hitilafu Mei 2024, intaneti ilidhoofika nchi nzima, na wenye kila kitu huko juu walibaki wakitazama duara likizunguka. WhatsApp nayo huzipunguza picha ubora zisipotumwa kama faili.

Na nakala ifunguliwe, isomwe. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao, alifuta kwa bahati mbaya takriban gigabaiti 300 za data, na walipozikimbilia nakala zao waligundua kwamba njia zao tano hazikufaa. Waliokolewa na nakala aliyoitoa mhandisi kwa mkono saa sita hivi kabla.

Mafundi wa Ngamiani, ninyi ndio mnaoaminiwa kuliko mwongozo wowote. Mkiwakabidhi watu mashine zao, waambieni kwamba D inawakinga na kupigiwa window, na haiwakingi na kifo cha diski. Mkishaambiwa "ahsante, mwanangu", waulizeni kama wana diski ya nje; mnaziuza wenyewe, zimepangwa kwenye kioo nyuma yenu.