Mama Aliniuliza Wimbo Huu ni wa Kazi Gani

Huu ni mwaka wa tisa tangu nilipohamia Toronto, nchini Kanada, na muda wote huo nimekaa Parkdale, mtaa ambao wengi wanauita Tibet Ndogo kwa sababu ya Watibeti waliohamia humo. Ukipita Queen Street jioni utakuta mgahawa baada ya mgahawa unaouza momo, yaani vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama na kuivishwa kwa mvuke, na ndani ya mgahawa mmoja wa aina hiyo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza muziki ambao sasa siwezi kuishi bila kuusikiliza. Ni muziki mseto wa taratibu, wenye ngoma za tabla na nyuzi za tanpura za Kihindi, filimbi ya mwanzi iitwayo bansuri, tarumbeta ndefu za watawa wa Kitibeti, na vinanda vya umeme vinavyotanda nyuma ya vyote hivyo kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa.

Ugenini kumenipa nafasi ya kuusikiliza, na hilo ninalikiri kwa moyo mmoja. Chumba changu kina madirisha ya vioo viwili, majirani hawapigi kelele baada ya saa nne usiku, na mtu anaweza kukaa saa nzima bila kusikia kitu asichokichagua. Kwetu Kirumba, Mwanza, saa kama hiyo haipatikani kirahisi: baa ina spika, duka lililo mkabala nayo lina spika, muuza dawa ya panya anapita na kipaza sauti chake, na mahubiri yanaanza kabla majogoo hayajamaliza. Nimekulia humo na ninapapenda, lakini masikio yangu hayakuwahi kupumzika kiasi cha kusikia sauti moja ikianza, ikikua na kufifia hadi mwisho wake.

Hebu nieleze jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Katika ukumbi mdogo hapa Toronto nilikaa hatua chache kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akiitayarisha tanpura yake, chombo chenye waya nne ambacho hakiimbi wimbo wowote bali kinashikilia sauti ya msingi tangu mwanzo hadi mwisho ili wengine waitegemee. Alitoa uzi mwembamba wa pamba, akaupenyeza kati ya waya na kidaraja kinachoubeba, kisha akausogeza taratibu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mpaka waya uliokuwa ukilia kavu ukaanza kuvuma kama nyuki ndani ya mtungi. Nilimkumbuka papo hapo mzee wa Kigogo aliyekuwa mlinzi wa ghala karibu na kwetu, ambaye alipiga marimba yake usiku ili asisinzie. Juu ya tundu la ubao wa marimba ile alibandika utando ambao buibui hufunikia mayai yake, na pasipo utando huo, alituambia sisi watoto, marimba haina koo. Wahindi na Wagogo hawakuambizana, lakini wote waliona kwamba sauti safi mno haitoshi na inahitaji mvumo wa kuipa mwili. Ndiyo maana sipendi rekodi nyingi za muziki huu ambamo tanpura ni ya mashine, inayorudia kipande kilekile bila kuyumba, kwa sababu mpigaji wa kweli huyumba kidogo kila anapovuta waya na uhai wa sauti uko hapo.

Lakini ugenini pia kumenifundisha kusikiliza vibaya, na sikulijua hilo mpaka niliporudi nyumbani. Niliwahi kulipa dola 40 ili nilale sakafuni na watu wengine kumi na kitu, huku mwongozaji akigonga mabakuli ya shaba na kutuambia kwamba watawa wa Tibet wameponya magonjwa kwa sauti hizo kwa maelfu ya miaka. Hakuna aliyeuliza swali, hata mimi, ingawa Watibeti walikuwa wakiishi mtaa huohuo na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa chumbani.

Likizo iliyopita nilimwekea mama muziki huu barazani. Umeme ulikuwa umekatika, spika zote za mtaa zilikuwa zimenyamaza, na simu yangu ilitosha. Sauti nzito za watawa zilipoingia, zile za chini kabisa ambamo koo la mtu mmoja hutoa noti zaidi ya moja kwa pamoja, mama aliacha kuchambua mchele akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Baba, huu ni wimbo wa kazi gani?" Mama ni Msukuma wa Magu. Kwake kuna nyimbo za kulima, kuna za kupokea wageni, kuna wigashe ambayo watu huicheza wakiwa wamekaa, na wimbo usiojulikana kazi yake ni kama jembe lisilo na mpini. Nilikuwa nimeusikiliza muziki ule miaka mingi, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Niliporudi Parkdale nilimpelekea swali hilo bibi wa Kitibeti anayeishi ghorofa ya chini yangu. Alinionyesha kwanza meza yake ya ibada, yenye vibakuli saba vilivyopangwa mstari, ambavyo huvijaza maji kila asubuhi na kuyamwaga jioni kama sadaka. Yeye havigongi. Kuhusu bakuli la kuponya alisema kwamba kwao lilikuwa chombo cha chakula, na ninavyojua mimi, desturi ya kuyafanya mabakuli kuwa muziki ilienea Magharibi kuanzia miaka ya 1970 kupitia rekodi zilizouzwa hukohuko. Zile sauti za chini zilikuwa habari nyingine. Alizitambua mara moja kuwa ni za watawa wa Gyuto, ambao monasteri yao ilianzishwa Tibet katika karne ya 15 na kuanzishwa upya India baada ya Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, kukimbilia huko mwaka 1959. Ile ni sala, alisema, na alipokuwa akiisikiliza hakuzungumza wala hakunywa chai yake.

Kwa hiyo ninaona kila upande una deni lake. Huku sauti inavuliwa kazi yake na kuuzwa kama dawa ya usingizi. Kwetu tunajua kuuliza kazi ya wimbo, lakini wimbo wa watu wengine hatuupi hata nafasi ya kuulizwa. Miaka kumi na miwili nilinunua nguo za mitumba Makoroboi, hukohuko Mwanza, karibu na hekalu la Wahindu, na jioni nilisikia kengele na kinanda cha mkono kutoka ndani, nami nikaita sauti hizo "mambo ya Wahindi" nikaendelea kupatana bei. Hali hiyo inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba taarabu ya Mombasa ilichota sana kutoka tabla na nyimbo za filamu za Kihindi, na kwamba Juma Bhalo wa Mombasa aliwaliza watu kwa mahadhi hayohayo. Ningetamani redio moja tu ya Mwanza itenge nusu saa ya magharibi, imwalike mpigaji wa Kihindi na mpigaji wa nanga, ala ya nyuzi, kutoka Bukoba, na imuulize kila mmoja swali la mama.

Wahindi wanazipa raga zao, yaani mahadhi yao ya asili, saa. Bhairav ni ya alfajiri, Yaman ni ya baada ya jua kuzama, na nimeanza kuuheshimu utaratibu huo, isipokuwa kwamba sikujua nifuate saa ya wapi. Wakati wa kiangazi, saa tano ya usiku hapa ni saa kumi na mbili asubuhi Mwanza. Basi usiku huo ndio ninapompigia mama, ninaiweka simu karibu na spika na Bhairav inaanza, nami upande wa pili ninasikia kunguru wa Kirumba, mkaa ukipepewa, na mama akiwaambia wajukuu wanyamaze kidogo kwa sababu huu ni wimbo wa kuamkia.